Sindano Isiyo na Saa Yake

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao kidogo kifuani, lakini wanawake hawakuwa na haja nalo. Wao walimwita Mama Kaza, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia kila mzazi aliyeingia wodini ameshika kiuno: kaza roho. Kaza roho, mwanangu, hakuna aliyezaa akicheka. Na wao, hata wale walioondoka pale wakimsema, walirudi kwake kwa mimba ya pili, maana mikono yake ilikuwa mikono kweli. Mtoto aliyetanguliza matako, mama aliyekata tamaa, kondo lililogoma kutoka, yote yalipita mikononi mwake yakatulia. Tusimnyime haki yake. Mtu anaweza kuwa na mikono ya kheri na ulimi wenye walakini.

Walakini wenyewe ni huu. Nyuma ya meza ya wauguzi palikuwa na kabati dogo la chuma limepigiliwa ukutani, na ndani yake mlikaa dawa kali za maumivu, ikiwemo pethidini. Ndiyo ile anayochomwa pajani mwanamke mwenye uchungu, na maumivu, hata yasipoisha, yakasogea kando kidogo akapata kupumua. Ni dawa ya ukoo wa afyuni, haichezewi. Daktari aandike, wauguzi wawili washuhudie, na kichupa kitupu kirudishwe stoo ya dawa ndipo kingine kitolewe. Ufunguo wa kabati alikaa nao Mama Kaza, umefungwa kwa pini mfukoni mwa sare yake. Na humo mfukoni ufunguo ulipumzika vizuri, hakuna aliyeusumbua.

Mwanamke akiomba sindano mapema, aliambiwa, "Bado, mwanangu. Mapema mno. Ukichomwa sasa uchungu utakatika, tukae hapa mpaka kesho." Akiomba baadaye, Mama Kaza alimpima, akampigapiga goti kwa upole, akasema, "Aa, umechelewa. Imebaki kidogo tu. Nikikuchoma sasa mtoto atatoka amelewa." Maneno yote mawili ni ya kweli kwa wakati wake, muulize mkunga yeyote. Tabu ni kwamba kwa Mama Kaza, kati ya mapema mno na umechelewa hapakuwa na saa hata moja ya katikati. Mwanamke alivushwa ng'ambo amefumbwa macho. Naye mwanamke wa watu, atapinga nini? Anayepima si yeye, na aliyelala chali akiumwa habishani na aliyesimama.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alikuwa akimtania kwa jambo hilo. Siku moja jino lilimshika Mama Kaza, taya likavimba, akameza vidonge hata chai haijachemka. Mumewe akainua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akikishona akamwuliza, "Si ukaze roho, mama?" Walicheka wote wawili. Yeye alicheka kidogo kuliko mwenzake, kisha akaenda kulala na shavu lake.

Asifikiri mtu kwamba alikuwa mkatili. Alikuwa mwoga, na woga uliokaa muda mrefu hujifanya busara. Alipokuwa mkunga mpya alimchoma mama mmoja sindano ile ile, mama akazaa haraka kuliko alivyotazamia, mtoto akatoka ametepeta, macho yamefumba, kulia halii. Wakampulizia hewa kwa mfuko, wakamsugua mgongo, mpaka akakohoa, akalia, akanyonya kama wenzake. Hakuna kilichoharibika. Lakini mkuu wa wodi wa wakati huo alimsimamisha katikati ya vitanda akamfokea mbele ya wazazi na wafagizi, na tangu siku hiyo kila alipoona kichupa kile, masikio yalimwaka moto. Basi akajifunza kusema kaza roho. Kulikuwa rahisi. Hakuna shahidi wa kuitwa, hakuna kichupa cha kurudisha, na wanawake walizaa tu, kwani mwanamke atafanya nini, arudi nyumbani na mimba yake?

Baadaye mambo yalibadilika. Dawa haikuwa adimu tena. Walikuja wataalamu wakawafundisha upya, saa ya kuchoma na saa ya kuacha, na dawa ya kumzindua mtoto ikawekwa kwenye trei tayari. Mama Kaza alihudhuria mafunzo, akanywa chai, akala maandazi, akauliza hata swali. Kisha akarudi wodini na ufunguo wake. Kuna siku, akimwangalia mwanamke aking'ata mkono wake mwenyewe, kitu kilimchoma rohoni kikamwambia, huyu si ungempa. Alikinyamazisha. Hatia ndogo ndogo huzoeleka kama kokoto ndani ya kiatu, mtu akachechemea bila kujua anachechemea.

Sasa, alikuwa na kitindamimba wake, binti, mshonaji wa nguo za shule, ameolewa na fundi umeme. Binti huyu tangu utotoni alikuwa na woga wa maumivu. Alipotobolewa masikio alizimia, wakatoboa la pili akiwa hana habari. Alipopata mimba alifurahi kama watu wote, lakini kadiri tumbo lilivyokua ndivyo alivyopungua maneno. Siku moja alikuja kwa mama yake, wakawa wanaosha vyombo, na akiwa amempa mgongo alisema, "Mama, mimi si kama nyinyi. Mimi naogopa. Nakaa cherehani nawaza siku hiyo, mpaka sindano inanitoboa kidole."

"Unaogopa nini, na mama yako ndiye mwenye ufunguo?"

"Ile dawa ipo kweli?"

"Ipo."

"Na mimi nitachomwa?"

"Utachomwa. Nimeshakwambia, utachomwa. Suuza hicho kikombe."

Alisema kwa moyo mweupe. Binti aligeuka akamkumbatia na mikono yake ya povu, na tangu siku hiyo akaanza kulala usingizi. Akamwambia mumewe, akawaambia majirani, akamwambia hata mwenye duka la vifungo: mimi mama yangu atanichoma sindano. Mama Kaza aliposikia kwa watu ahadi yake mwenyewe inavyotembea, alijisikia vibaya kidogo, akajiuliza ni wanawake wangapi wa mtaa huu wanaoisikia na wanajua wao walijibiwa nini. Hakukaa na swali hilo. Alikuwa na kazi.

Uchungu ulimshika binti asubuhi njema yenye jua. Akaletwa wodini anatembea kwa miguu yake, anatabasamu katikati ya vipindi, ameshika kitenge chake cha kumfungia mtoto. Wodi ile ilikuwa na desturi, na ni desturi nzuri: mkunga hamzalishi mwanawe. Mkono wa mzazi hutetemeka, na jicho la mzazi halipimi sawasawa. Mama anaruhusiwa kukaa kichwani, amfute jasho, basi. Kwa hiyo binti alikabidhiwa kwa mkunga kijana ambaye Mama Kaza alimlea katika kazi tangu alipotoka chuoni. Alimwita Kifaranga, kwa jinsi alivyokuwa akimfuata nyuma wodi nzima, kila anachofanya na yeye afanye. Vitanda vilitenganishwa kwa mapazia ya kitambaa tu. Upande wa pili wa pazia alilala muuza mboga, mimba yake ya kwanza na yeye, mwanamke wa maneno makali. Mama Kaza mwenyewe ndiye aliyempokea asubuhi ile. Aliomba sindano. Aliambiwa umechelewa.

Kwa muda binti alivumilia. Alipumua alivyofundishwa, akahesabu matundu ya dari, akamwuliza mama yake habari za majirani. Kisha maumivu yakaja ya aina nyingine, yanayomkunja mtu bila kumwomba ruhusa, akashika mkono wa Kifaranga akasema, "Dada, nadhani sasa. Nichomeni sasa."

Kifaranga alivaa glavu, akampima. Kisha akampigapiga goti kwa upole, akasema, "Aa, umechelewa, dada. Imebaki kidogo tu. Tukikuchoma sasa mtoto atatoka amelewa."

Mama Kaza alisimama kichwani na kitambaa mkononi. Alikuwa anasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Ile "aa" ilikuwa yake. Kule kupigapiga goti kulikuwa kwake. Hakuhitaji kupima. Mtu hadanganywi kwa uongo alioutunga mwenyewe.

Binti aliinua macho, hakumtazama Kifaranga. Alimtazama mama yake. "Mama, ni kweli?"

Upande wa pili wa pazia muuza mboga, aliyekuwa akigugumia muda wote, alinyamaza. Mama Kaza alikisikia kimya kile. Alijua kwamba akisema si kweli, basi mtu wa tatu atajua, na huyo mtu wa tatu ana ulimi na ana genge sokoni. Na Kifaranga alikuwa akimwangalia kwa macho ya mwanafunzi aliyejibu vizuri. Yote hayo yalimpitia kichwani kwa muda wa kufumba na kufumbua, na ulimi, kwa kuwa hauna mfupa, ukamtangulia.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Kaza roho."

"Basi sawa," alisema binti. "Kama ni wewe umesema." Akaligeukia shuka akaling'ata.

Mama Kaza alimvuta Kifaranga mpaka ukumbini, karibu na ndoo za wafagizi. "Amefunguka kiasi gani?"

"Sentimita nne, mama. Nne na kitu."

"Na daktari?"

"Ameshaandika sindano alipopita. Aliniambia nikuombe ufunguo."

"Kwa hiyo kwa nini ukamwambia amechelewa?"

Kifaranga alishangaa kweli, wala hakuwa na kejeli. "Si ndivyo tunavyowaambia, mama? Wewe ndiye uliyenifundisha. Na ulipomwambia ni kweli, nikajua nimepatia."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikua vizuri sana. Mama Kaza alikosa pa kuweka uso. Kifaranga, alipoona hivyo, akasema taratibu, "Basi tukamchome, mama. Bado kuna muda mzuri. Mimi nitashuhudia."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Nne katika kumi ndiyo ile saa ya katikati aliyowanyima wanawake miaka yote, na sasa imemfungulia mlango mwanawe, na ufunguo uko mfukoni. Kilichobaki ni kurudi kitandani na kusema: mwanangu, nilikudanganya. Maneno mafupi. Nasema mafupi kwa sababu si mimi niliyetakiwa kuyasema. Yeye alisema, "Ngoja kwanza."

Angoje nini? Alijiambia kwamba watu watasema mwanawe ndiye anayechomwa, wengine hawachomwi. Alijiambia kwamba mimba ya kwanza huenda pole, atampa baadaye kidogo, akipata namna nzuri ya kuliweka. Alijiambia kwamba wote wamezaa bila sindano wakaishi. Akaenda kubadilisha shuka ambalo halikuwa na haja ya kubadilishwa. Akaitwa kitanda cha mwisho, mwanamke wa mimba ya tano akazaa kama anayekohoa, akampokea mtoto, akamfunga, akampa mama yake. Akanawa mikono, akanawa tena. Na muda wote huo alikuwa akimsikia binti yake. Hakuwa akipiga kelele, afadhali angepiga. Alikuwa akimwambia Kifaranga, kila maumivu yalipomwachia, "Imebaki kidogo. Mama amesema. Mama hanidanganyi mimi." Kisha anakunjwa tena.

Maneno hayo yalimmaliza. Aliifungua ile pini, akaingiza ufunguo, kabati likalia kwa kutofunguliwa siku nyingi, akatoa kichupa kimoja. Aliita muuguzi wa meza ashuhudie. Sasa atasema. Atasema lolote, Kifaranga ajue, muuza mboga ajue, soko zima lijue. Alitembea hatua zile chache na kichupa kiganjani, na alipofika pazia Kifaranga alikuwa anavua glavu.

"Mama," alinong'ona, akikiangalia kichupa. "Mtoto yuko chini kabisa. Anaanza kusukuma. Sasa amechelewa kweli."

Na kweli alikuwa amechelewa, mtaalamu yeyote angesema hivyo. Uongo wa asubuhi ulikuwa umeiva mchana ukawa kweli, na aliyeuivisha ni yeye, kwa kunawa mikono.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, na kilio cha mtu anayedai. Binti alilala chali na nywele zimemganda usoni, midomo imepasuka kwa kung'atwa, mtoto kifuani. Alimwona mama yake akacheka kwa uchovu. "Mama, kidogo chako ni kirefu," alisema. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Mama Kaza alimfuta uso, akamfuta hata pasipokuwa na jasho, na ndani yake kitu kilikuwa kikimwambia afadhali angetukanwa.

Kichupa kilikuwa bado kiganjani, kimeshika joto la mkono. Nyuma ya pazia muuza mboga aligugumia. Yeye mambo yake yalikwenda pole, daktari alikuwa amempima muda si mrefu, bado sana. Mama Kaza alimfuata daktari kabla hajatoka mlangoni, akamwomba aandike, naye akaandika huku akimshangaa. Kisha akaingia upande ule wa pazia, akasimama mbele ya yule mwanamke, na safari hii hakumpigapiga goti.

"Asubuhi nilikwambia umechelewa," alisema. "Hukuwa umechelewa. Ilikuwa saa yake hasa. Hata sasa hujachelewa, na daktari amekubali. Ukitaka nitakuchoma."

Mama Kaza alitegemea matusi, maana muuza mboga hakuwa mchoyo wa matusi. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Asubuhi sikukuamini, mama. Nilijua unanizungusha. Niliposikia unamwambia binti yako vile vile, ndipo nikakuamini. Nikasema, hawezi kumfanyia hivyo mwanawe."

Mama Kaza alivunja kichupa, muuguzi akashuhudia, akamchoma. Baada ya kitambo mabega ya yule mwanamke yalishuka, ngumi zikafunguka, akavuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ni jambo dogo kuliona. Mama Kaza aliliona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akawakumbuka wengine wote, wale aliowapokea kwa mikono miwili akawanyima kwa mkono huo huo. Hakuwakumbuka kwa nyuso. Walikuwa wengi mno.

Lakini pazia ni kitambaa, na kitambaa hupitisha sauti pande zote mbili. Alipolifungua kurudi kwa mwanawe alimkuta ameinua kichwa, anamngojea.

"Na mimi nilikuwa sijachelewa?"

"Hukuwa umechelewa."

"Nilipokuuliza, ulijua?"

Hapo nafasi ya kusema uongo ilikuwepo tena, pana na laini. Angeweza kusema sikujua, aliyepima si mimi. Ingepita. "Nilijua," alisema. "Nilijua, na nilikuwa na ufunguo mfukoni. Mwanangu, nili..."

Binti hakumngoja amalize. Hakupandisha sauti, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala. "Mama, niitie yule dada aje anisaidie kumweka mtoto kwenye titi."

"Mimi naweza kukusaidia."

"Najua unaweza. Niitie yule dada."

Akaenda akamwita. Kifaranga aliingia ameinamisha macho, akaketi ukingoni mwa kitanda, na Mama Kaza alisikia wakinong'ona mambo ya titi na kichwa cha mtoto, mambo ambayo hakuna aliyeyajua pale kuliko yeye. Alitoka nje, akapita meza ya wauguzi, akamkabidhi mwenzake ufunguo na kichupa kitupu, akaketi kwenye benchi la wageni, katikati ya mashangazi na wakwe wa watu wengine wenye chupa zao za chai. Mmoja alimwuliza kama na yeye ana mgonjwa ndani. Alisema anaye.

Mkwewe alifika mbio na nguo zake za kazi, mfuko wa koleo na nyaya bado kiunoni. Alipoambiwa msichana, alimshika mama mkwe mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. "Asante, mama. Nilikuwa juu ya ngazi huko kazini, koleo linaniponyoka. Nikajiambia, tulia, mama yupo, hatateseka huyu."

"Nenda ukamwone," alisema.

Kijana alipiga hatua, akageuka. "Wewe huingii?"

"Nitaingia akiniita."

Alikaa pale mpaka wageni wote wakaondoka na mfagizi akaja kuomba kusogeza benchi. Siku hiyo hakuitwa.